Nirudishie bando langu!

Mwenzio mwezi huu nimekuja na kidonda, na naomba nikuonyeshe kabla hakijafunga.

Unajua kwamba mbali na kuhariri kurasa hizi, huwa narekodi podikasti ya mapenzi na ndoa, kipindi cha nusu saa, na wasikilizaji wangu wengi ni wa kwetu, Karagwe na Kyerwa. Wa Kayanga wanakipakua wenyewe. Kule Nkwenda, Kaisho na Murongo mpakani, mmoja akikipata anawarushia wenzake kwa WhatsApp, nao wanarusha kwa wengine, na hapo sijui tena kimefika wapi.

Ukiwa na kipindi, maneno lazima utatumiwa. Mengi ni ya kupita tu. "Dada nirudishie bando langu, nusu saa nzima nimesikiliza jogoo!" Kweli jogoo alikuwepo, nilirekodia kwa mama, na jogoo wa mama hana adabu. Siku hizi nafunga mlango na kutundika blanketi dirishani. Wapo wanaosema nacheka sana. Hilo nimeliacha, kicheko ni changu. Wanaotukana mwili au kabila la mtu nawafungia bila maelezo.

Kilichonichoma ni kingine kabisa. Dada mmoja wa upande wa Kyerwa aliniandikia kwamba mumewe ameuza kahawa ikiwa bado maua, butura ile ile tunayoijua, hela hakuiona, na sasa bwana anatishia kuuza nyumba na kibanja. Afanye nini? Mimi huyo, kwa kujiamini kote, nikamjibu kwenye kipindi: dada yangu, kibanja ni cha ukoo, wewe pale ni wa kuja, huna chako. Funga virago uondoke ungali na nguvu.

Basi bwana, nilivyopongezwa! Siku mbili simu haikutulia. Mioyo, maua, "dada umeua!"

Siku ya tatu ukaingia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mama mtu mzima, anachanganya Kiswahili na Kinyambo. Hata salamu hakunipa. "Mwanangu, kuongea unajua. Unachoongea hukijui." Akaniuliza kama nimewahi kumwona mwanamke aliyetoka kwenye kibanja, akarudi akakikuta. Akaniuliza nani kanidanganya kwamba sheria haimjui mke. Mwisho akasema, kama huyo binti ameshaondoka kwa maneno yako, kamrudishe wewe mwenyewe.

Unadhani nilishukuru? Nilikasirika! Nikaandika jibu refu kama barua ya posa, kwamba mimi nina digrii ya mawasiliano, kazi hii sikuianza jana, na asiyependa asisikilize. Mungu ni mwema, mtandao ulikuwa chini jioni ile. Jibu likakaa na ile alama yake ya saa mpaka asubuhi, na asubuhi nikalifuta.

Nikaisikiliza tena ile sauti, safari hii nikiwa na kalamu. Nikauweka kando ukali wake, nikaandika madai tu. Yakabaki mawili: kwamba mke ana haki, na kwamba kuondoka kuna hatari. Nikampigia wakili ninayemfahamu.

Jamani, niliumbuka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lililoniaibisha zaidi ni la mkoani kwetu Kagera. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa baba yake, akaliuza, na ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mila inayomzuia mwanamke kuuza huku mwanamume akiruhusiwa ni ubaguzi, na inapingana na Katiba. Wakili alinionya nisichanganye, hiyo ni kesi ya binti na urithi, si ya mke na mume. Sawa. Lakini ile jeuri yangu ya "cha ukoo, huna chako" iliishia hapo. Hukumu yenyewe ina umri unaokaribiana na wangu!

Zamani mama akiikasirikia Redio Tanzania alikuwa anaandika barua, S.L.P. 9191 Dar es Salaam, na mpaka ifike hasira zimepoa pande zote mbili. Redio jamii nazo zina dawa yake. Pale Kayanga kuna FADECO, redio ya Joseph Sekiku, inayosikilizwa na wakulima. Hebu fikiria mtangazaji wa pale akosee kuhusu mnyauko wa migomba: kesho yake mkulima yuko mlangoni, panga mkononi, anauliza aanze kukata shina lipi. Podikasti haina mlango wa kugongwa. Kosa langu lilikuwa kwenye simu za watu nisiowajua, na kulifuta kwangu kusingelifuta kwao.

Kwa hiyo nikarekodi dakika sita. Jina nikaliacha lile lile, nikaongeza "Nilikosea", na kosa nikalitaja mwanzoni kabisa, kabla hata ya muziki. Nikawaomba waliorusha cha kwanza warushe na hiki kwenye makundi yale yale. Mioyo ilikuwa michache mno, nakwambia ukweli. Mmoja akaandika kwamba siku hizi nimekuwa mwalimu wa uraia.

Yule dada nilimpigia mwenyewe. Alikuwa ameshaondoka, yuko kwa kaka yake Isingiro na watoto wawili. Nikamsomea alichosema wakili, nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo nirudi?" Safari hii sikumwamulia. Nilimpa namba ya wakili.

Wiki iliyopita yule mama alinitumia tena, sekunde kumi tu: "Nimekusikia. Binti amerudi?" Nimemjibu kwamba alirudi Jumatatu akisindikizwa na kaka yake, wamefika kwa mwenyekiti wa kijiji, na suala linapelekwa baraza la usuluhishi la kata. Nyumba haijauzwa. Butura ndiyo hivyo tena, kahawa ya msimu huu ni ya mtu mwingine.