AFYA: Uvimbe Mgumu wa Ulimi

Uko uvimbe mmoja uonekanao kwa nadra ulimini, mdogo, mgumu, usiouma, ambao hukua polepole. Mwaka 1926 daktari Abrikossoff wa Moscow aliueleza akidhani umetokana na misuli. Leo yajulikana kuwa asili yake ni chembe zinazoifunika mishipa ya fahamu. Huweza kutokea hata ngozini.

Kwa kawaida hauna madhara. Hatari ipo katika kuutambua. Utando ulio juu yake mara nyingi hunenepa na kuingia chini, hata ukafanana na kansa. Basi ikiwa kipande kilichokatwa ni cha juu tu, mpimaji huweza kudanganyika, na mgonjwa akapoteza sehemu ya ulimi wake bure. Kipande chapasa kufika ndani, ambako darubini huonyesha chembe kubwa zilizojaa punje punje.

Ukithibitishwa, uvimbe huondolewa wote, na ni mara chache kurudi. Walakini wachache sana huwa kansa kweli. Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe wa kinywani uliodumu zaidi ya majuma matatu na auonyeshe kwa daktari, wala asiuchome wala kuukata nyumbani.