Orodha ya Rubani wa Kitale

Wazazi wengi wa huku pwani wakimwona kijana ameikabili kompyuta akirusha ndege isiyokuwako, husema huo ni upuuzi, na pengine humwuliza kama amekwisha swali. Kuuliza hivyo ni haki yao. Lakini ndani ya mchezo huu wa urubani mna kazi moja ambayo, kwa maoni yangu, haifai kutiwa kapu moja na upuuzi mwingine, nayo ni kuandika orodha ya ukaguzi.

Orodha hiyo ni maandishi ayasomayo rubani kabla ya kuwasha injini, kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Upande huu pana kitu, upande ule pana hali yake: breki, zimeshikwa, mafuta, yamefunguliwa, milango, imefungwa. Katika mchezo uitwao FlightGear, unaotolewa bure, mtu yeyote aweza kuandika orodha ya ndege aipendayo, akaitia katika faili za ndege hiyo, na mchezo ukaionyesha.

Msomaji aliyekaa chuoni hatataabika kufahamu. Sisi wa madhehebu ya Shafi twajua kuwa tartibu ni katika faradhi za udhu. Aliyetanguliza miguu kabla ya uso udhu wake haujatimia, ingawa maji ni yale yale na viungo ni vile vile.

Marubani walifunzwa jambo hili kwa damu. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliruka na komeo la kuzuia usukani usipeperushwe na upepo likiwa bado limefungwa. Ilianguka, wakafa marubani wawili waliokuwa mabingwa wa kazi yao. Hapo ndipo orodha ilipoanza kushikwa kwa nguvu. Na hapa kwetu Kenya, tarehe 20 Novemba 1974, ndege kubwa ya Lufthansa, Boeing 747, ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Nairobi. Vibawa vya mbele vinavyoinyanyua ndege havikutoka, kwa kuwa vali za hewa inayovisukuma zilikuwa zimefungwa. Katika watu 157, walikufa 59. Vali zenyewe ni kitu cha kufunguliwa kwa mkono mmoja.

Sasa twende Kitale. Mji huo, chini ya mlima Elgon, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ilhali uwanja wa ndege wa Mombasa uko kiasi cha mita 61 tu. Huko juu hewa ni nyepesi. Ndege ndogo kama Cessna 172 hunywa mafuta yaliyochanganywa na hewa, na huku pwani rubani huruka akiwa ameyafungulia mafuta kikamilifu. Akifanya hivyo Kitale, mafuta yatazidi hewa, injini itakohoa na kupungua nguvu, na kiwanja chaweza kumwishia kabla hajapaa. Kitabu cha ndege hiyo kinasema wazi: kiwanja kikizidi futi 3,000, mafuta yapunguzwe kwanza. Kitale inapita futi 6,000. Hata Bungoma, iliyo chini kidogo, inazipita hizo 3,000.

Basi kijana wa Kitale anayenakili orodha ya mtu aliyeko pwani ya Marekani, neno kwa neno, ameandika uongo bila kukusudia. Na hapa ndipo penye ugomvi wangu na michezo ya namna hii, maana baadhi yake ina swichi ya kuifanya ipunguze mafuta yenyewe. Kijana akiiacha imewashwa, hatajua kamwe kuwa orodha yake ina kasoro. Atairuka Kitale mara mia, salama salimini, kisha atampa orodha hiyo mwenziwe wa Malindi, naye ampe wa Lamu. Nani atakayeisahihisha? Wazee wetu manahodha hawakuazimana hesabu za pepo bila kuuliza zilipimwa bahari gani.

Yuko atakayesema mchezo hauui mtu. Ni kweli. Lakini wamo katika vijana hao wanaotamani urubani wa kweli, na mkono uliozoea hauulizi kama sasa ni kweli au ni mchezo.

Bungoma nayo ina lake. Mwezi wa Mei 2016 helikopta iliyobeba maiti ya mfanyabiashara Jacob Juma ilipaa kutoka katikati ya umati, na mtu mmoja akaondoka nayo akining'inia kwa chini. Alianguka, akanusurika. Picha zake zilizagaa dunia nzima, na watu wakacheka. Mimi nilijiuliza ni orodha gani ya mchezo iliyo na mstari wa kutazama chini na kando kama watu wako mbali. Mchezo hauna umati, kwa hiyo mwandishi wa orodha haukumbuki. Kijana wa Bungoma, ambaye pengine alikuwapo siku ile, ana sababu ya kuuongeza.