Nani Mwanachama? Istilahi Zetu na Vikundi vya Muziki wa Jamii katika Milima ya Andes

Mtafiti wa fasihi simulizi anapokwenda uwandani hubeba istilahi mbili ambazo hazitilii shaka, yaani fanani na hadhira. Istilahi hizi zimetufaa sana katika uchambuzi wa ngano, na kwa kiasi fulani katika uchambuzi wa nyimbo. Hata hivyo, zinapopelekwa kwenye muziki unaopigwa na jamii nzima, zikiandamana na neno la tatu la kiofisi, mwanachama, huficha kile kile tulichokwenda kukitafuta. Mfano nitakaoutumia kutetea rai hii ni wa mbali, nao umechaguliwa kwa makusudi: Waaimara wa Conima, katika mkoa wa Puno nchini Peru, karibu na Ziwa Titicaca na mpaka wa Bolivia. Mfano wa mbali una faida moja, kwamba mazoea hayajatupofusha tusiuone.

Ala mashuhuri ya huko ni filimbi ya matete iitwayo siku. (Jina hili ni la Kiaimara na halina nasaba yoyote na siku ya Kiswahili, mwanaisimu linganishi mwenye pupa na ajihadhari.) Filimbi hii imegawanyika katika nusu mbili, nazo hushikwa na watu wawili. Nusu moja huitwa ira, na mara nyingi huwa na matete 6; ya pili ni arka, yenye matete 7. Sauti za ngazi ya muziki zimegawanywa kwa kupishana baina ya nusu hizo, hata mpigaji mmoja, awe hodari namna gani, hawezi kuitoa lahani nzima peke yake. Ira hutangulia, arka hufuata, na msikilizaji husikia lahani moja isiyokatika. Kiswahili kina kitenzi kinachoieleza hali hii barabara: kupokezana. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Katika baragumu za amakondere za magharibi mwa Uganda kila mpigaji ana sauti yake, na wimbo hukamilika kwa kupokezana vivyo hivyo.

Maelezo bora ninayoyafahamu kuhusu wapigaji wa Conima ni ya Thomas Turino, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake Moving Away from Silence mwaka 1993. Kwa mujibu wa Turino, mwanamume wa jamii anayetaka kupiga katika sikukuu huja akapiga. Hapimwi kwanza, wala hakaripiwi hadharani akikosea. Wapo viongozi wanaoheshimiwa, lakini huongoza zaidi kwa kupiga kuliko kwa kuamuru. Lahani mpya hutungwa usiku wa mazoezi kabla ya sikukuu: mtu hujaribu kipande kwa sauti ya chini, na wenzake wakikipenda hukidaka na kukiendeleza. Wasipokipenda, hawasemi neno. Kipande hufia hapo hapo. Ikifika asubuhi ni vigumu kusema ni nani aliyetunga nini.

Je, katika hali hii fanani ni nani? Na orodha ya wanachama itaandikwaje, ikiwa uanachama wenyewe ni tendo la kupiga, na huisha tendo linapoisha? Sisemi kwamba milango iko wazi kwa kila mtu. Wanawake wa Conima hucheza, hawapigi filimbi, na mtafiti anayeusifia usawa wa vikundi hivi bila kulitaja hilo anasifu nusu ya kijiji.

Hapa mwanaisimu hupata kishawishi kikubwa. Kiaimara hutofautisha "sisi" mbili: jiwasa, inayomjumuisha msikilizaji, na nanaka, inayomtenga. Kikechua nacho kina tofauti hiyo. Ni rahisi mno kudai kwamba watu hawa hupiga filimbi wawili wawili kwa kuwa sarufi yao ina "sisi" ya kujumuisha. Dai hilo nalikataa. Lugha zenye tofauti hiyo zimeenea duniani, na wasemaji wa nyingi kati yake hawana filimbi ya kupokezana. Thamani ya jozi hii ya viwakilishi ni nyingine: inatupatia swali. Kikundi kinaposema "muziki wetu", "wetu" huyo anamjumuisha nani? Kiswahili hakilazimishi jibu, na kwa sababu hiyo tumezoea kutouliza.

Tuuliplize basi swali hilo tukifuata muziki huu ulikohamia. Wahamiaji wa Conima walioko Lima waliunda vyama, na humo neno mwanachama linastahili kabisa, maana kuna uandikishaji, viongozi wa kuchaguliwa na mazoezi ya kupangwa. Vijana wengine wa mjini, ambao hawakuzaliwa Puno, nao waliunda vikundi vya filimbi hizi kuanzia miaka ya 1970. Kisha kuna kikundi kile ambacho ulimwengu mzima unakidhani ndicho cha Andes, watu wanne au watano jukwaani wenye kena, charango, gitaa, ngoma ya bombo na siku. Ukimtazama kwa makini mpigaji wa siku katika kikundi hiki, utaona kwamba mara nyingi nusu zote mbili ameziunganisha na anazipiga peke yake. Ufundi wake ni wa kustaajabisha, nami si miongoni mwa wanaomwita mharibifu. Lakini mazungumzo yamegeuka kuwa hotuba, na ni hapo ndipo fanani na hadhira wanapopatikana. Istilahi zetu, kwa maneno mengine, zinaisawiri siku ya jukwaani na kuipotosha ile ya kijijini.

Anayeliona suala hili kuwa la maneno matupu na azingatie sheria ya hakimiliki, ambayo hutafuta mtu wa kutajwa. Lahani ya El Cóndor Pasa, iliyotungwa na Daniel Alomía Robles wa Peru mwaka 1913, ilipotumiwa na Simon na Garfunkel mwaka 1970 ikidhaniwa kuwa mali ya jadi, mwanawe mtunzi aliweza kudai haki mahakamani kwa sababu jina la baba yake lilikuwa limesajiliwa. Vivyo hivyo kundi la Los Kjarkas la Bolivia lilidai haki yake baada ya wimbo wao wa mwaka 1981 kugeuzwa Lambada mwaka 1989. Waliotunga usiku kwa kudakiana vipande hawana jina la kupeleka mahakamani. Mwaka 1973 serikali ya Bolivia iliiandikia UNESCO ikitaka ngano na nyimbo za jadi zilindwe chini ya mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, nayo ikataka ulinzi huo uwe mikononi mwa dola. Hiyo nayo ni "sisi", lakini si jiwasa ya Conima.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo la kiutendaji. Fomu zetu za kukusanyia data, ambazo kwa kawaida zina nafasi ya jina la fanani na nafasi ya jina la kikundi, ziongezewe nafasi ya kueleza jinsi mtu anavyoingia katika kikundi hicho na jinsi anavyotoka, na nani aliitikia kipande cha nani. Neno mwanachama lihifadhiwe kwa vikundi vyenye daftari. Kwa vingine, lugha ina wapokezani, neno linalojengwa kwa kiambishi cha kutendana, ambacho tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kukisahau tunapokwenda uwandani.