Njiwa Wawili wa Visiwani

Wengi hudhani ndege akitiwa tunduni amekwisha okoka. Mimi sikubali. Njiwa wa kisiwa cha Socorro, nchi ya Meksiko, hula mbegu chini, wala hakuogopa watu. Kondoo walimaliza vichaka, paka wakamla. Tangu 1972 hakuonekana tena porini. Kizazi chake kimebaki matunduni, Ulaya na Marekani, kwa kuwa wachache walichukuliwa mwaka 1925. Kumrudisha kwao imekuwa kazi ya miaka mingi.

Njiwa wa Grenada naye hutembea chini. Ni wachache sana, na tufani ya Ivan ya 2004 iliharibu misitu yao; lakini wangali huru. Heri walindwe sasa, msituni mwao, kabla ya kutafutiwa tundu. Wenzangu, mwaonaje?