PICHA YA MWAMBA ISIFUNGIWE OFISINI

Ndugu wafanyakazi,

Kokoto tunazotandika chini ya mataruma hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipasuliwa mwambani na watu kama sisi. Tangu reli ilipofika hapa Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, njia yetu imelala juu ya jasho la wapasua mawe. Basi jambo lao ni jambo letu.

Hatari yao kubwa ni jiwe linaloruka. Shimo la baruti likitobolewa karibu mno na uso wa mwamba, nguvu hutorokea huko na mawe huruka mpaka mabatini mwa jirani. Likiwa mbali mno, ardhi hutetemeka na mabonge hubaki, yapasuliwe mara ya pili. Nao uso wa mwamba una vitumbo na mapango yasiyoonekana kutoka juu. Ili kuupima kwa kamba, mtu husimama ukingoni, au chini ya mawe yaliyolegea.

Siku hizi iko droni, ndege ndogo isiyo na rubani. Hupiga picha nyingi, na kompyuta huziunganisha kuwa sura moja ya mwamba yenye vipimo. Fundi hujua kabla ya kutoboa ni wapi pembamba na wapi panene. Baada ya mlipuko hurushwa tena kuona ukubwa wa mawe, na mlipuko wa pili hurekebishwa.

Wako wanaoogopa kwamba chombo hiki kitawatoa kazini. Hofu yao si ya kijinga. Lakini hatuwezi kutetea kazi ya kusimama chini ya mwamba unaotaka kuanguka. Tumtetee mtu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Fundi wa baruti na genge lake waonyeshwe picha kabla ya kutoboa.

2. Wafanyakazi wa machimbo wenyewe wafundishwe kuirusha, kwa kibali kinachotakiwa na kanuni za mwaka 2020. Upande wa Kisian, uwanja wa ndege uko karibu. Si mahali pa mchezo.

3. King'ora na kuondoa watu visipunguzwe kwa sababu ya picha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Tena, aliyeripoti hatari kubwa halazimishwi kurudi mpaka irekebishwe. Ulizeni: kamati yenu iko wapi? Kama haipo, anzeni hapo.

Umoja ni nguvu.