Pedi zinakufa mapema: Je, meza ya gemu ya mbao itaokoa vibanda vya mtaani?

Kwenye vibanda vya gemu vya Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala, kinachotangulia kufa mara nyingi si televisheni wala mashine. Ni pedi.

Sababu inajulikana. Vile vifimbo viwili vya pedi vinapima mwendo kwa vipande vinavyosuguana ndani. Vikishasagika, mchezaji kwenye skrini anaanza kukimbia mwenyewe bila kuguswa. Pedi ya nyumbani inaweza kudumu miaka, lakini ya kibandani inashikwa na mikono ya watu tofauti tangu asubuhi hadi usiku, na hakuna anayeionea huruma.

Kwa mwenye kibanda hiyo ni hesabu ya hela. Analipwa kwa mechi. Pedi moja ikizingua, mechi ya watu wawili haipo, na wateja wanahamia kibanda cha jirani.

Ndiyo maana meza ya gemu ya kujitengenezea inastahili kuangaliwa kama suala la biashara na ajira, siyo mchezo wa watoto tu.

Ndani ya meza kuna nini?

Ni boksi la mbao lenye joystiki na vitufe, kama yale ya mashine kubwa za gemu zilizovuma duniani baada ya Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya 1980. Juu ya ubao huwekwa akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa inayotumiwa na mafundi mabango, mara nyingi ya unene wa milimita 3. Chini yake unaweza kuweka picha yoyote unayotaka.

Vitufe vya kawaida vinaingia kwenye tundu la milimita 30. Kila kimoja kina swichi ndogo yenye miguu miwili: mmoja unakwenda kwenye kadi ya saketi, mwingine unaungwa kwenye waya mmoja wa pamoja. Kadi hiyo huchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na kompyuta inaiona kama pedi ya kawaida.

Faida kubwa iko kwenye matengenezo. Kitufe kikifa, unafungua kifuniko, unachomoa kimoja, unaweka kingine. Kwa vitufe na waya za kuchomeka, hata kulehemu hakuhitajiki. Pedi ya dukani ikifa, wengi wanaitupa.

Ufundi upo tayari

Temeke ina Keko, mtaa ambao jina lake ni sawa na fanicha. Pale kuna mafundi wa kukata, kupiga msasa na kupaka vanishi. Chuo cha VETA Chang'ombe nacho kipo Temeke hiyohiyo. Upande wa Kinondoni kuna Mwenge ya wachonga vinyago. Vifaa vya umeme vinatafutwa Kariakoo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha fundi seremala, fundi mabango na fundi simu kwenye kazi moja.

Lakini kazi hii ina mitego yake. Akriliki ikitobolewa kwa haraka na kwa nguvu inapasuka, na drili ikikimbia sana inayeyuka. Inabidi ibanwe katikati ya vipande viwili vya mbao, itobolewe taratibu, na karatasi yake ya kinga isibanduliwe hadi mwisho.

Kusafisha nako kuna kanuni. Spiriti inaweza kuiletea akriliki nyufa ndogondogo, hivyo maji na sabuni laini vinatosha.

Mbao nazo zichaguliwe kwa akili. MDF ni rahisi kukata, lakini ikinyonya maji inavimba, na unyevu wa Pwani hauna msamaha. Plaiwudi iliyopakwa rangi vizuri hadi kwenye kingo inavumilia zaidi. Na kwa kuwa mti wa joystiki ni mfupi, ubao mnene huchongwa kwa chini ili mkono uishike sawasawa.

Haifai kila gemu

Hapa ndipo wenye vibanda wanapaswa kuwa makini. Meza hii inang'ara kwenye gemu za ngumi kama Tekken, Street Fighter na Mortal Kombat. Kwenye mpira ni habari nyingine. Joystiki hii inajua kwenda na kutokwenda tu, haijui kutembea polepole kama kifimbo cha pedi. Na mpira ndio unaojaza vibanda.

Pili, PlayStation 4 na 5 hazikubali kila kifaa kinachochomekwa. Kadi za bei nafuu zinafanya kazi vizuri zaidi na kompyuta, hata iliyotumika. Anayeitegemea kuendesha kibanda kizima cha mpira atapata hasara. Anayeiongeza kama kona ya gemu za ngumi ana nafasi.

Lipo pia suala la gemu zenyewe. Kupakia gemu za kunakili na kulipisha watu ni kujitia matatani na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mpaka na dubwi

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganywa na dubwi. Kwa macho ya mzazi au mjumbe wa mtaa, boksi lenye skrini na vitufe vya rangi ni kamari tu. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mashine za dubwi zimeingia hadi kwenye grosari za uchochoroni.

Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Inahitaji leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Gemu ya ngumi inalipiwa muda wa kucheza, na mshindi anaondoka na sifa tu. Siku mwenye meza akianza kutoa hela kwa mshindi au kupokea dau, anakaribia eneo la sheria hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kuanza afanye mambo matatu kabla ya kununua ubao: aulize Bodi na halmashauri kuhusu leseni, abandike tangazo kwamba hakuna dau, na asiruhusu wanafunzi saa za masomo. Hilo la mwisho ndilo wazazi wanalolalamikia zaidi, na ndilo linaloweza kukifunga kibanda kabla ya kitufe cha kwanza kuharibika.

Meza ya mbao haitaiua pedi. Lakini pedi inayonunuliwa dukani inaacha hela kwa mwagizaji, wakati meza inaigawa kwa seremala wa Keko, fundi mabango na kijana wa kuunga waya. Kwa mitaa yenye mafundi wengi na kazi chache, tofauti hiyo si ndogo.