Tahariri: Kusema na Serikali Si Kupiga Debe



Katika mkutano wetu uliopita neno moja lilitajwa kuliko maneno mengine yote, nalo ni Serikali. Serikali itusaidie habari ya ushuru. Serikali iambiwe juu ya kiwanja cha ghala. Serikali itutazame wakulima. Kila aliyesimama alisema hivyo, akapigiwa makofi, akakaa. Hakuna aliyeuliza Serikali ipi, mlango upi, na nani atakwenda kubisha hodi siku gani. Ndiyo maana safari hii tumeliweka jambo hili ukutani, na tunaomba anayesoma amsomee na mwenzake.

Yako mataifa ambako kuisemesha Serikali ni kazi ya mshahara. Marekani, kwa mfano, makampuni na vyama hukodi watu wa kuwashawishi wabunge, na tangu sheria ya mwaka 1995 watu hao hutakiwa kujiandikisha na kueleza wanamsemea nani na wanalipwa kiasi gani. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo ili kuelewa maana yake. Kushawishi ni kumwambia mwenye kuamua, kabla hajaamua, kwamba uamuzi wake utatufanya hivi na hivi, ukampa na ushahidi. Basi. Na hiyo si hisani tunayoomba. Katiba yetu, Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu.

Lakini wako wenzetu wakisikia "kushawishi" wanaelewa bahasha. Hapo tuwe wazi kabisa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kitu kikaitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Ukarimu gani huo unaokuja miaka mitano mara moja? Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayepokea na anayetoa, wote wawili. Kwa hiyo mwanachama anayesema "tumtoe mzee chai kidogo mambo yaende" ajue kwamba akikamatwa, chama hakitakwenda kumdhamini.

Kusema na wakubwa hakukuanza leo. Kabla ya Uhuru, sisi wa Musoma tulikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa, na wakulima wa pamba wa jimbo hilo walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi. Kulalamika walilalamika sana. Lakini mambo yalianza kubadilika walipoweka watu wao wenyewe wa kupima, wakawa na uzito wao wa kuulinganisha na uzito wa mnunuzi. Kutoka hapo, chini ya uongozi wa watu kama Ndugu Paul Bomani, vikakua vyama vya msingi vingi hadi kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation mwaka 1955. Wazee wetu waliopeleka pamba huko baadhi tuliwahi kuwasikia wakisimulia. Tunawaomba vijana walishike hilo: mtawala aliweza kupuuza kilio, lakini namba za ratili zilimpa shida.

Na tuwatazame ndugu zetu Wameru wa Arusha. Mwishoni mwa mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Walikuwa wamekwisha kukataa, wakaandika, wakaenda kwa wakubwa wa wilaya na wa jimbo, wapi! Huko Moshi alikuwako wakili mmoja, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Ushauri wake ulikuwa wa kisheria: Tanganyika si koloni la kawaida, ni nchi ya udhamini, kwa hiyo watu wake wanao mlango mwingine wa kubisha, nao ni Umoja wa Mataifa. Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akasafiri hadi New York akasema shida ya watu wake, na Seaton akiwa naye.

Ardhi hawakurudishiwa na Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwatetea lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu likakosa theluthi mbili za kura. Hilo tuliseme bila kuficha, maana wapo wanaodhani ukipata mshauri mzuri umeshinda tayari. Walichopata ni kwamba dunia ilijua, na Watanganyika wakaona mwenzao wa kijijini anaweza kusimama mbele ya mataifa akasikilizwa. Miaka mitatu baadaye, Machi 1955, kijana wa hapa kwetu Butiama, aliyeanza shule pale Mwisenge, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kuisemea TANU. Safari yake nayo ilichangiwa na watu wadogo.

Angalieni vizuri kazi aliyoifanya Seaton. Wameru walijua shida yao kuliko yeye. Hakuna wakili wa kumfundisha mtu uchungu wa kuchomewa nyumba. Wasichokijua ni mlango. Hapo ndipo mshauri anapohitajika. Na msemaji akabaki kuwa Mmeru.

Tuje sasa kwetu Bweri.

Jambo la kwanza ni ushuru wa mazao. Wanachama wetu wengi mashamba yao yako nje ya Manispaa, wengine Butiama, wengine Musoma Vijijini. Wanaleta gunia mbili tatu za mihogo au mtama, na njiani wanadaiwa. Kina mama ndio wanaoumia zaidi, maana wao huleta kidogo kidogo, kwa baiskeli na bodaboda, na kila safari ni malipo. Wengine wanasema hawapewi hata karatasi.

Sasa, mwaka 2017 bajeti ya Serikali, iliyosomwa bungeni na Dk. Philip Mpango aliyekuwa Waziri wa Fedha, ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Na ikatangazwa kwamba mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Gunia tatu zina tani ngapi? Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kupiga hesabu hiyo. Haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Wakulima na vyama vyao walipigia kelele ushuru huo miaka na miaka, kwa barua, kwa semina, kwa wabunge.

Basi hapa kilio chetu si juu ya sheria. Ni juu ya utekelezaji njiani. Na mlango wa utekelezaji hauko Dodoma, uko hapa hapa katika halmashauri zetu. Tukienda na malalamiko haya kwa Waziri, atayarudisha kwa Mkurugenzi, nasi tutakuwa tumepoteza miezi minne na nauli. Njia yake ni barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri inayohusika, nakala kwa diwani, nakala kwa afisa ushirika. Baraza la Madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Ni wangapi kati yetu wamewahi kwenda? Diwani akiona watu wake ishirini wamekaa nyuma kimya, atasimama tu.

Kitu kimoja tu tunahitaji kuuliza kabla ya kuandika, nacho ni sheria ya mwaka huu inasomekaje. Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka, na anayetaja sheria ya juzi mbele ya mwanasheria wa halmashauri atarudi nyumbani amenyamazishwa. Kuuliza huko hakuna gharama. Afisa ushirika yupo kwa kazi hiyo. Yupo Mrajis Msaidizi wa mkoa, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Wapo pia wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, nao wanatoa huduma bila malipo.

Ingekuwa sheria yenyewe ndiyo mbaya, hapo mwendo ungekuwa mwingine. Bajeti husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayeamka Juni kulalamikia kodi amekuta ugali umekwisha pakuliwa. Wizara ya Fedha hukaribisha mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla ya hapo, na muswada ukisomwa mara ya kwanza bungeni hupelekwa kwenye kamati, ambako wadau huitwa kutoa maoni. Mambo kama hayo chama kimoja cha Bweri hakiyawezi peke yake. Hayo tuyapitishe kwa chama kikuu na Shirikisho la Vyama vya Ushirika, au tushikane na wenzetu wa MVIWATA, mtandao wa wakulima uliopo tangu mwaka 1993. Sheria ndogo za halmashauri ziko katikati: halmashauri ikitaka kutunga ushuru mpya hutakiwa kuwatangazia wananchi kusudi lake wapate kusema, kisha ipeleke kwa Waziri. Matangazo hayo hubandikwa ubaoni. Tunapita tunayaona, hatusomi.

Jambo la pili ni kiwanja cha ghala, na hili si la kuandika barua tu na kungoja. Kiwanja kimekaliwa na chama muda mrefu, lakini hati hatuna, na mji unapanuka, upimaji unakuja. Hapa tunasema wazi: tutafute mwanasheria, na tumlipe. Kwa nini hapa tulipe na kule tusilipe? Kwa sababu ardhi ina karatasi zenye siku zake, na siku ikipita haki nayo inaweza kupita. Kwa sababu sahihi moja ya mwenyekiti inaweza kutufunga sisi na watoto wetu. Na kwa sababu upande wa pili, akijitokeza mtu wa kudai, atakuja na wakili. Mambo hayo matatu, hata moja likionekana peke yake, halmashauri ya chama isikae usiku ikijadiliana. Iende ikaulize kwa mwenye elimu hiyo.

Sasa kuna habari ambayo hatuwezi kuinyamazia. Yupo mtu anayepita kwa wanachama mmoja mmoja, jioni, akisema yeye anawajua wakubwa Dodoma, na kwamba kila mwanachama akichanga shilingi 10,000 mambo yote mawili, ushuru na kiwanja, yatakwisha kabla ya mavuno. Hana ofisi. Hatoi stakabadhi. Alipoulizwa atazungumza na nani, alijibu kwamba hayo ni ya ndani. Ndugu zetu, sisi watu wa Bweri tuna stendi, tunawajua wapiga debe. Anapaza sauti kuliko dereva, anakushika mkono, anabeba mzigo wako, anakuambia gari linaondoka sasa hivi. Basi si lake, na likiondoka yeye anabaki stendi na fedha yake.

Hatusemi kila anayelipwa kutushauri ni tapeli. Wakili wa kweli jina lake limo katika orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu, na ana cheti cha mwaka huo. Mshauri wa kweli anakueleza mlango gani atabisha, atapeleka karatasi gani, na kipi hawezi kukuahidi. Malipo yake yanaingia katika kumbukumbu za kikao, yanatoka benki ya chama, na yana risiti. Anayekataa hata moja kati ya hayo tumwage kwa heri, kwa adabu.

Wapo watakaosema, haya yote ya nini, Serikali inajua kilicho chema kwetu, itafanya kwa wakati wake. Tunawakumbusha mwaka 1976. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na vyama vya msingi vikamezwa na vijiji. Sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982, miaka sita baadaye, na baadhi ya mali haikurudi kamwe. Mwalimu mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Kama kiongozi wa namna ile, aliyezaliwa kati ya wakulima, angeweza kuamua hivyo juu ya ushirika, je, huyu mtoza ushuru wa njiani, asiyetujua hata majina?

Kamati imekwisha kuandika rasimu ya barua ya ushuru. Iko kwa katibu, ni kurasa mbili, kila mwanachama anaruhusiwa kuisoma na kuisahihisha. Kinachopungua ni ushahidi. Kila aliyetozwa akiwa na mzigo mdogo alete stakabadhi kabla ya Ijumaa. Asiye na stakabadhi alete tarehe, mahali, aina ya mzigo na kiasi alicholipa, katibu ataandika katika daftari naye atatia sahihi au dole gumba. Wakati tunaandika haya, daftari lina majina kumi na moja, na tisa ni ya kina mama. Wanaume wenye baiskeli, tunawangoja.

Juu ya kiwanja, Mkutano Mkuu utaulizwa kuidhinisha fedha za wakili. Wazee wanaokumbuka mwaka chama kilipoanza kukitumia kiwanja kile, na waliokuwapo kupanda ile miti ya mpakani, wafike ofisini Jumamosi asubuhi. Karani atakuwapo kuandika maelezo yao, na chai ipo.